Thermos Nilishuka Nayo

Leo nimejivua nguo mbele ya Butembo muzima. Na nguo nilikuwa nimevaa.

Bamama wa groupe yetu ya simu, najua bamotari, bale ba pikipiki, bataanza kuwaambia. Labda bamekwisha. Acha mimi mwenyewe niwaambie kwanza, vile ilivyokuwa, kabla baongeze chumvi. (Haihitaji chumvi. Mutaona.) Naandika mbiyo. Kukiwa na makosa ya kuandika, munyamaze. Leo sina nafasi ya kukosolewa tena.

Asubui simu inalia. Mama mukwe. Ile sauti yenye inaanzaka bila salamu.

— Kavira! Barabara imefunguliwa. Niko ndani ya bus, tumekwisha toka Beni. Leo nitaona mutoto.

Exaucé wangu anaanza kukaa sasa, meno mawili chini, na koko yake, mama ya baba yake, hajamuona hata siku moja. Ni picha tu, kwenye simu ya jirani. Si kwamba hapendi kuja. Ni barabara. Leo magari inapita, kesho inachomwa, kesho kutwa tuko tunaulizana: bamefungua? bamefunga? Mutoto amezaliwa huku, koko amebaki kule, na katikati yao kuna ile musitu yenye munajua, ya benye kuua na panga.

— Uje kunipokea ku parking na mutoto mwenyewe, akasema. Si picha. Na umubebe vizuri! Weye na ile kichwa yako, unaweza kwenda ku bomba kuchota maji na kusahau bidon.

(Anasema hivyo tangu ndoa. Sijawahi kusahau bidon. Hata moja. Nataka mujue hilo kabla sijaendelea.)

Nikasema: leo, mama, utaniheshimu. Nikavaa blauzi yangu ya libaya na kikwembe mupya, ile ya maua ya manjano. Nikamuogesha Exaucé, nikamupaka mafuta mpaka akang'aa sawa beignet yenye kutoka ku mafuta. Nikapika chai, maziwa na tangawizi, nikajaza thermos. Ile thermos nyekundu ya ndoa yangu. Mutu mwenye amepita barabara ile anafika na baridi ndani ya mifupa, hata jua likiwaka. Nikajiona mukwe wa mufano. Mungu alikuwa juu anacheka.

Nikashuka ku barabara kungoja bus ya muji.

Munaijua, ile bus kubwa yenye imeanza kupita hapa Bulengera. Kabla yake sisi wote tulikuwa batu ya pikipiki ao ya miguu. Sasa kila mutu na bus. Mama wa vitunguu na mifuko yake, banafunzi, bafundi na misumeno, bakoko benye magoti imechoka. Ukikosa kupanda siku mbili, hujui tena nani amezaa, nani anaoa, nani amehama. Bus ndiyo imekuwa uwanja wetu.

Lakini akili! Akili zetu zimebaki ku barabara ya Beni. Benye tunapanda pale, nusu yetu tulikimbia. Mimi nilizaliwa upande wa Kamango, nikakimbilia Beni, nikaolewa Beni, nikakimbia Beni. Donc sisi hatujui kupanda bus kama batu bengine. Sisi tukikaa tu, mutu anasimama anaomba. Leo ilikuwa Mama wa vitunguu. Akafunga macho: “Bwana, utangulie mbele ya hii gari, ufumbe macho ya adui, utufikishe salama.” Bote: “Amina!” Na tulikuwa tunaenda ku soko. Safari yenye ukisahau chumvi unarudi nyumbani kuchukua kikapu ingine.

Shofere anageuka anatuangalia. Ni mupya, ametoka Kinshasa, hajui Kinande, Kiswahili chake kinachechemea. Anasema: “Amen, amen,” anawasha gari.

Nilikaa karibu na Koko mumoja, mzee kabisa, miguu imevimba, kitambaa cheupe kichwani. Exaucé akamuangalia, Koko akamuangalia, mambo ikaisha. Akanyoosha mikono, akamupokea. Kabla tufike hata mbali, mutoto amelala juu ya magoti yake, mudomo wazi. Mimi nikabaki na thermos.

Tukafika pale penye barabara inapinda, penye kuna ile mikaratusi mirefu juu ya ngambo, ule ukingo wa barabara. Bus ikapunguza mwendo. Ikasimama.

Nikainua macho.

Kamba.

Kamba imekata barabara, kutoka upande huu mpaka upande ule. Na ku mwisho wa kamba, mwanaume. Koti rangi ya jeshi. Panga kiunoni.

Bamama, nawaambia kweli: sikufikiri. Kichwa changu hakikuwa ndani ya ile kazi. Ni miguu ilisimama yenyewe, na mudomo ukafuata:

— Bariere! Tushuke!

Na batu ya bus muzima bakasimama! Hakuna mutu alisema “Bariere gani, tuko katikati ya muji?” Hakuna! Mama wa vitunguu amekwisha toa karte yake ya uchaguzi ndani ya libaya. Banafunzi banatafuta ndani ya mifuko. Kulikuwa papa mumoja na kravati, agent wa serikali, mutu ya Kasai, mwenye anatusahihishaka Kifaransa yetu bila kuombwa. Hata yeye! Akafunga kifungo ya veste na akajipanga.

Sasa sikilizeni hapa, juu hapa ndipo batu bananicheka bila kuelewa.

Ku bariere za barabara ya Beni, penye askari banapima karte, munajua namna inakuwa. Bote banashuka, banapita kwa miguu, karte mukononi. Bus inapita tupu, inangoja mbele. Bazee na batoto benye kulala banabaki ndani, askari anachungulia tu ku mulango. Mutoto mwenye kulala, usimuamushe. Akiamka atalia, akilia askari anakasirika, askari akikasirika ni weye utajibu. Na kitu yenye inaweza kuliwa ao kunywewa, shuka nayo! Ukiacha mukate ndani ya gari, utakuta mufuko. Mutoto hakuna mwenye anamuibaka. Chai inaibiwa.

Donc nilifanya vile mutu mwenye akili anafanyaka.

Nilimuacha mutoto. Nikashuka na thermos.

(Nimeandika hiyo. Mumesoma. Tuendelee.)

Nikamuambia Koko: “Muchunge, tunakutana mbele.” Akaitika kwa kichwa. Yeye pia anajua. Shofere akatuangalia tunavyoshuka bote, mumoja-mumoja, bila kusukumana, na mudomo wake ukabaki wazi. Niliona ule mudomo. Sikuuliza.

Tukajipanga. Mustari muzuri, sawa batoto ya masomo ya première. Mimi mbele, juu ni mimi nilitangaza. Karte juu, macho chini. Tukamusogelea yule mwanaume.

Akatuona. Akarudi nyuma hatua moja. Akashika kamba yake kwa mikono miwili.

— Munaenda wapi? akasema.

Ah! Swali lenyewe! Ndiyo ile banaulizaka! Bote tukajibu kwa mara moja:

— Ku soko, chef!

— Ku masomo, chef!

— Ku bureau, chef!

— Kupokea mama mukwe, chef!

Akatuangalia tangu mbele mpaka nyuma. Mutu wa kravati akaona kazi inachelewa, akatoka ku mustari, akamuweka karte yake ndani ya mukono. Sasa mutu ukimuweka karte ndani ya mukono, atafanya nini? Akaiangalia. Akaangalia papa. Akaangalia tena karte.

— Ni weye?

— Ni miye, chef.

— Ulikuwa munene.

— Ni vita, chef.

Akaitika kwa kichwa, pole pole, na huruma yote. Akamurudishia. “Pita,” akasema. Mutu wa kravati akapita chini ya kamba, akainama mpaka kravati ikagusa udongo. “Merci, chef.” Nikafuata mimi. Akaangalia karte yangu, akaangalia thermos.

— Hii ni nini?

— Chai, chef.

— Ah.

Na kweli ya Mungu, niliona akameza mate. Nikasema moyoni: unaona, Kavira? Ungeiacha ndani ya bus, ingekwisha. (Nilikuwa najisifu. Saa ile! Najisifu!)

Bengine bakafuata nyuma yangu. Na saa ile sauti ikatoka juu ya ngambo, nyuma ya mikaratusi:

— Kakule! Unafanya nini kule? Muti unakuja!

Yule mwanaume akashituka sawa mutu mwenye ameamushwa. Akaacha karte ya Mama wa vitunguu ikaanguka ndani ya matope.

— Piteni! Piteni bote! Mbiyo!

Akalegeza kamba, ikalala chini. Akapungia bus mukono kama mutu anafukuza nzige: “Na weye! Pita! Pita!” Batu banakimbia, vitunguu inaviringika, bus inanguruma, inatupita pembeni, matope inaruka ku kikwembe yangu mupya…

PWAAAAA!

Bamama. Ile mulio. Tuko Butembo, lakini tumbo langu lilikuwa limerudi Beni. Sijui nilianguka namna gani. Najua tu nilikuwa nimelala kifudifudi, uso ndani ya matope, mikono juu ya kichwa. Na si mimi peke yangu. Bote! Mama wa vitunguu chini. Banafunzi chini. Kravati chini. Bus muzima ya batu imelala ku barabara sawa samaki ku soko.

Halafu majani ya mukaratusi ikaanza kutuangukia pole pole mugongoni.

Nikainua kichwa. Muti umelala nyuma yetu, umekata barabara. Ku shina, banaume babili na musumeno, banatuangalia. Na yule Kakule amesimama na kamba yake.

— Lakini nyinyi, akasema, na sauti ilikuwa karibu kulia, nyinyi munatafuta nini kwangu? Mimi nakata muti!

Muti.

Kamba ilikuwa ya kuvuta muti, uanguke upande muzuri. Koti ni ya mitumba. Panga ni ya matawi.

Mutu wa kravati akasimama. Akajipanguza. Akasema na Kifaransa yake yote: “C'est inadmissible,” ni kusema: haikubaliki. Na akaondoka kwa miguu, bila kuangalia nyuma, na jani moja limebaki ku nywele zake.

Hapo nikaanza kucheka. Nilicheka kweli, nimekaa chini, thermos mukononi. Nikageuka nimuambie Exaucé… Namna hii, kwa mazoea. Nikageuza shingo kuangalia ku mugongo wangu.

Mugongo haukuwa na mutu.

Nikaangalia mbele. Bus, kule mbali, inapanda kilima. Haikusimama. Haikungoja. Taa za nyuma zinanikonyeza, halafu kona ikaimeza.

Sitaeleza kilio chenye nilitoa. Kakule alifikiri muti umevunja mutu. Akaruka matawi akakuja mbiyo, kamba bado mukononi:

— Mama, umeumia wapi?

— Mutoto! Mutoto iko ndani ya bus!

— Juu ya nini ulimuacha?

Hilo swali, bamama. Kutoka kwa mutu mwenye kamba. Nilitaka kumupiga na thermos. Nikainua mukono kabisa. Kitu kimoja kiliniokoa nisiende kulala ku kashoo ya polisi: motari mumoja alikuwa anatoka upande wa muji, akakuta muti umefunga njia, anageuka. Nikaruka nyuma yake bila kuuliza.

— Fuata bus!

— Bus gani? Umesahau nini?

— Mutoto wangu!

Akageuza kichwa. Akaangalia thermos.

— Na thermos umekumbuka, akasema.

— Endesha!

Kiatu kimoja kimebaki ndani ya matope. Mukiona kiatu ya manjano pale, ni yangu, munirudishie.

Sasa bamotari ya Butembo munabajua. Mutu mumoja hawezi kubeba siri peke yake, hata akiwa na pikipiki mbili. Ku njia panda ya kwanza akapunguza mwendo, akapiga kelele:

— Bandugu! Bus ya muji imepita? Kuna mama hapa amesahau mutoto mule!

— Amesahau nini?

— Mutoto!

— Na kile ameshika ni nini?

— Thermos!

Na bale bakawasha pikipiki zao, bakafuata. Ku njia panda ya pili, vile vile. Ku ya tatu sikuhesabu tena. Bote banapiga honi, sawa tunasindikiza bibi arusi. Batu banatoka ku maduka. Mama mumoja akapiga vigelegele! Akanipungia! Alifikiri naolewa! Na mimi nimejaa matope mpaka ku meno, kiatu kimoja, nalia, natapika Salamu Maria mumoja nyuma ya mwingine.

Ndani ya roho, kulikuwa baridi. Hapa nasema kweli na mutaniacha niseme. Kule nimetoka, batoto benye balipotea siku ya kukimbia, kuna bamama bangali banabatafuta. Jirani yangu wa Beni angali anaita jina kila akiona mutoto wa ule umri. Mimi nilimubeba Exaucé ndani ya tumbo nikikimbia. Ndani ya tumbo! Milio ya kweli, musitu ya kweli, na sikumuangusha. Halafu nakuja kumupoteza ku amani, sababu ya muti.

Tukafika ku mwisho wa bus, pale ku parking, penye magari ya Beni pia inasimama. Bus yetu ile pale, tupu. Na pembeni yake, batu bamejaa, bamezunguka kitu.

Nikashuka. Nikasukuma. Bamotari banasukuma nyuma yangu.

Katikati, juu ya mufuko wa muhogo, amekaa mama mukwe wangu.

Na juu ya magoti yake, Exaucé. Ameamka. Ananyonya kidole ya mama mukwe, na anacheka.

Koko wa miguu ya kuvimba amesimama pembeni, anaeleza na mikono. Kumbe njia yote alimupigia shofere kelele asimame, na Kinande. Shofere akafikiri anaimba. Akamuitikia. Kufika, Koko amechoka, akamupa mutoto mama wa kwanza mwenye alikuta amekaa.

Lakini mama mukwe hakujua niko pale, wala kama mutoto ni wa kwetu. Alikuwa hajageuka. Alikuwa anahubiri.

— Tangu nizaliwe! anasema, na mukono juu. Mutoto muzuri hivi, amepakwa mafuta vizuri hivi, na mama anashuka anaenda zake! Mama gani? Hata mbuzi hafanyi! Huyo mwanamuke, Mungu amusamehe, juu mimi sitamusamehe!

— Kweli, mama, batu banasema. Kweli!

— Mimi nina mukwe, Kavira, bibi ya mutoto wangu. Ile kichwa yake, ninyi musinihadisie! Anaweza kusahau bidon ku bomba. Lakini hata Kavira, akasema na akasimama kabisa ili bote basikie, hata KAVIRA hawezi kufanya hivi!

Ni mara ya kwanza, tangu ndoa, mama mukwe ananisifu mbele ya batu.

Nikataka kurudi nyuma. Nikasema, nitazunguka, nitatafuta maji, nitaosha uso, nitakuja kesho. Nikageuka, na nyuma kulikuwa bamotari, ukuta muzima. Na ule wangu, mwenye alinibeba, akainua mukono wangu juu, pamoja na thermos, sawa arbitre wa ngumi anainua mukono wa mushindi:

— Mama yake ni huyu!

Mama mukwe akageuka. Akaanza kuniangalia ku mguu usio na kiatu. Akapanda ku kikwembe. Akafika ku thermos. Akafika ku uso. Ilimuchukua muda, juu ya matope.

— Kavira?

— Karibu, mama, nikasema.

(Ndiyo. “Karibu, mama.” Ndiyo yenye ilitoka.)

Batu bakacheka mpaka mwengine akashikilia bus asianguke. Exaucé akasikia sauti yangu, akanyoosha mikono. Nikamuchukua. Nikamushika mpaka akalia. Nikalia naye. Na vile machozi ilikwisha, hasira ikakuja, na nikamuona shofere amesimama ku mulango wa bus yake, anatafuna kitu.

— Weye! Juu ya nini hukungoja?

— Mama, akasema, na mikono juu, batu bote balishuka! Mimi nafikiri ni arrêt yenu, pa kushukia. Kwetu Kinshasa, mutu akishuka, amefika.

— Huku, mutu akishuka, anaomba kufika!

Sikutaka kuisema na kelele ile. Ilitoka. Na bale benye balikuwa banacheka, benye balikuwa bameshuka ile asubui kutoka ku magari ya Beni, balinyamaza. Si bote. Lakini bale, ndiyo.

Mama mukwe akakaa tena ku mufuko wake. Akaniangalia.

— Niambie. Juu ya nini ulishuka?

— Niliona kamba, mama.

— Kamba ya namna gani?

— Kamba tu. Imekata barabara. Na mwanaume wa koti ya jeshi, na panga.

Akaangalia mikono yake. Ndani ya mukono wa kushoto kulikuwa bado karte yake ya uchaguzi, imejikunja, imejaa jasho. Tangu Beni hakuwa ameirudisha ndani ya mufuko.

— Mutoto alikuwa amelala?

— Alikuwa amelala, mama.

— Ulimuachia muzee?

— Nilimuachia muzee.

— Na chai ulishuka nayo.

— Nilishuka nayo.

Akafikiri. Batu bote banangoja hukumu. Motari wangu akazima hata pikipiki.

— Kuna chai ndani?

— Iko, mama.

— Mimina.

Nikamimina. Ilikuwa ingali moto. Akanywa kidogo-kidogo, akamupa Koko naye akanywa. Halafu akaambia bale batu: “Rudieni kazi zenu. Mumeona nini hapa?” Kama vile si yeye alikuwa anabahubiria.

Tulirudi na bus ile ile, na shofere yule yule. Mama mukwe alikaa ku dirisha. Exaucé nilimufunga ku mugongo na vikwembe viwili, nikafunga fundo mara mbili, nikakaa mbele-mbele sawa mutu mwenye jipu, sikuweza kuegama. Mutu akaomba. “Amina!” Shofere alisema Amina kuliko bote.

Tukafika ku kona ya mikaratusi. Muti ulikuwa umekwisha katwa-katwa, barabara wazi. Kakule alikuwa anasokota kamba yake pembeni. Akaona bus. Akaona mimi. Akaficha kamba nyuma ya mugongo.

Shofere akapunguza mwendo. Akanitafuta ndani ya kioo.

— Mama Exaucé, akasema na heshima yote, tunashuka ao tunabaki?

Bus muzima ikapasuka na kicheko. Mimi pia, nikacheka, ningefanya nini. Nikageuka nione kama mama mukwe anacheka.

Alikuwa amesimama. Karte mukononi, macho chini, anatafuta mulango.

Nikamuvuta pole pole ku kikwembe.

— Mama. Kaa. Ni kamba ya muti.

Akakaa. Lakini karte hakuirudisha mpaka tulifika nyumbani.

Bon. Ndiyo hiyo. Exaucé amelala, koko yake amelala pembeni yake na mukono juu ya mguu wake, na thermos iko ku meza inaniangalia. Mwenye aliwahi kuona kamba barabarani akabaki amekaa, huyo ndiyo anicheke. Bengine bote, muniletee kiatu yangu.